Vigae vya Marehemu

Choo cha mkahawa ule kilikuwa kimevishwa vigae vya mbao ya alerse kuanzia sakafuni mpaka darini. Doralisa Chiguay aliingia mle kwa haja ndogo, haja ikamkatika. Alisimama katikati, mkoba begani, akaanza kuhesabu. Alipofika mia tatu na arobaini akaacha, kwa sababu ulikuwa umebaki ukuta mzima na mtu alikuwa akigonga mlango. Vigae mia tatu na arobaini vya mti usiooza, mti unaokaa kwenye mvua miaka mia bila kulalamika, vimepigiliwa mahali ambapo maji pekee yatakayovifikia ni ya mtalii asiyejua kulenga.

Alipotoka alimwambia mhudumu kwamba choo chao ni kizuri kuliko nyumba yake. Msichana yule akashukuru. Alidhani amesifiwa.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za kweli ziko njiani, na siku ile Doralisa alikuwa ameshayazunguka maduka manne ya mbao pale mjini Ancud. Miguu ilimuuma. Nyumbani kwake, kilomita kumi na nne kutoka mjini, ukuta wa kaskazini ulikuwa umeoza, na kaskazini ndiko mvua inakotokea. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na kitanda cha mama yake, Bibi Zunilda, mwenye miaka tisini na mmoja na mapafu yanayokoroma hata akiwa macho. Mwezi wa pili nesi wa zahanati aliweka kiganja ukutani, kikarudi kimelowa na kimepakaa koga jeusi. Akajifuta kwa karatasi, kidole kimoja kimoja, huku akifikiri. Kisha akasema chumba kile si cha mgonjwa. Kama mwezi wa nne utakwisha na ukuta bado una maji, yeye atajaza fomu na bibi atapelekwa nyumba ya wazee mjini.

Hakuwa mtu mbaya yule nesi. Alisema alichotakiwa kusema. Lakini bibi alisikia, na walipobaki wawili tu na binti yake alisema kwamba wakimtoa kwenye nyumba hiyo akiwa hai, basi wasijisumbue kumrudisha akiwa maiti. Tangu siku ile Doralisa alikuwa akilala na maneno hayo na kuamka nayo.

Ukuta wenyewe haukuwa wa zamani, na hilo ndilo lililomtia kinyaa. Miaka minane tu. Mumewe, kabla Mungu hajamchukua, alibandua vigae vya zamani vilivyochakaa akaweka mbao za paini zilizotiwa dawa, kwa sababu dukani waliapa kwamba hazijui kuoza. Sasa ungeweza kuzichota kwa kijiko. Doralisa alikuwa amejaribu, kwa kijiko cha supu, na kijiko kilizama mpaka kwenye mpini.

Ndiyo maana katika duka la nne, muuzaji alipomletea mbao zile zile za paini, za kijani kwa dawa, alimwomba akate ncha moja kwa msumeno aone ndani. Muuzaji, kijana mwenye penseli sikioni, akasema mbao za duka hazikatwi kwa majaribio. Doralisa akatoa kisu chake cha kumenyea viazi akakwangua. Mikwaruzo miwili, ukijani ukaisha, mti mweupe ukamtazama.

"Hii ni rangi, mwanangu," alimwambia. "Mmeupaka mti rangi mkauita dawa."

Kijana akasema zina dhamana ya miaka kumi na mitano. Doralisa akamuuliza kama hiyo dhamana huja yenyewe kushika ndoo nyumba inapovuja. Kijana akaenda kumhudumia mtu mwingine.

Alerse walikuwa nayo. Vigae kumi na kimoja tu, vimesimamishwa nyuma ya kioo karibu na kaunta, kila kimoja peso elfu tatu. Ukuta wake ulihitaji mia tisa. Milioni mbili na laki saba, kwa mwanamke anayeishi kwa pensheni ya laki mbili na ushei, viazi vyake na ng'ombe watatu. Alipouliza ni nani anayenunua kwa bei hiyo aliambiwa ni wenye mahoteli, wenye vibanda vya wageni, watu wa kutoka mji mkuu wanaopenda ukuta wenye historia. Wanaubandika ndani. Kwenye baa, kwenye vyumba vya kulala, kwenye choo. Wao wamekaa wakavu na alerse yao, na sisi tunaoishi chini ya mvua tunalala na nailoni. Ukitaka kutapika, tapika.

Mabati? Jikoni kwake kulikuwa na mabati. Upepo wa chumvi ulikuwa umeyatoboa katika miaka sita, na usiku wa baridi yalitoa jasho kwa ndani, matone yanaanguka kwenye sufuria. Huwezi kumlaza mtu wa kifua chini ya jasho la bati.

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Wiki ile ile mdogo wake, Sofanor, akaja na habari njema.

Sofanor Chiguay alikuwa fundi wa vigae kama baba yao alivyokuwa, ila baba alikuwa na mgongo uliopinda kwa kubeba na Sofanor alikuwa na pikapu. Alikuwa mtu wa maneno matamu, wa kukuita dada hata mbele ya watu asiowajua, na wa kupotea mlimani wiki tatu bila kuaga. Alisema amepata marehemu.

Huko kwao hawasemi alerse tu. Serikali ilipiga marufuku kumgusa alerse aliye hai tangu Doralisa akiwa mtoto wa shule. Anayeruhusiwa ni aliyekwisha kufa: gogo lililolala mlimani tangu enzi za mababu, au kisiki walichokiacha wakataji wa zamani, na hata huyo kwa karatasi yenye mhuri. Kwa hiyo mafundi husema marehemu. Nimepata marehemu mkubwa kule bondeni. Marehemu wako ana kibali? Ukiwasikia bila kujua utadhani wote ni wachimba makaburi.

Marehemu wa Sofanor alikuwa na kibali, alikuwa mkubwa, na angetoa vigae mia tisa kwa peso elfu moja na mia mbili kila kimoja. Kwa dada, alisema. Kwa ajili ya mama.

Chini ya nusu ya bei. Swali lilikuwa limekaa mezani kati yao pamoja na mkate na siagi. Tuseme ukweli: Doralisa aliliona, akalipitisha macho, akammiminia mdogo wake chai. Kesho yake akauza mitamba wawili kati ya ng'ombe wake watatu. Akatangaza msaragambo, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nne, siku tatu kabla nesi hajaja kukagua.

Msaragambo wa kule una sheria zake na hakuna aliyeziandika. Wewe unakuja siku yangu, mimi naja siku yako. Mwenye nyumba halipi mtu, analisha. Anachinja, anapika, na kila aliyeshika nyundo anaondoka na fungu lake la nyama limefungwa kwenye kitambaa kwa ajili ya walioko nyumbani. Kazi inaanza mwenye nyumba akisema, inaisha mwenye nyumba akisema, na hakuna anayepinga. Mtu akiondoka bila kula, huyo amekuambia jambo ambalo ni vigumu kulifuta.

Walikuja wanaume kumi na mmoja na wake zao. Doralisa alikuwa amechinja kondoo wawili, na wanawake walikuwa wakikuna viazi kwa ajili ya mikate tangu alfajiri, mikono yao imekuwa myeupe kwa wanga. Mawingu yalikuwa mazito upande wa kaskazini lakini bado yako mbali. Wazee wa kuyasoma walisema mvua itaanza jioni.

Kwa kuwa siku ilikuwa fupi, hawakusubiri pikapu ya Sofanor. Walianza kubomoa saa mbili. Hapo ndipo walipokosea, ingawa ni kosa ambalo kila mtu pale angelifanya, maana mbao zilizooza vile zinakushawishi zenyewe uzing'oe. Zilitoka kwa mafungu, zimelowa, zinanuka kama vitambaa vilivyosahaulika kwenye beseni, na wadudu weupe wanaanguka kutoka ndani yake. Mwanamume mmoja aliingiza mkono akautoa umejaa tope la mti, akawaonyesha wenzake, wakaguna. Doralisa aliona aibu kana kwamba wameinua gauni lake. Wakatupa zote motoni uani. Kufikia saa nne ukuta wa kaskazini haukuwepo. Zilikuwapo nguzo tu, na nyuma ya nguzo Bibi Zunilda kitandani, kitanda kimesukumwa mpaka ukuta wa pili, blanketi nne juu yake na kofia ya sufu kichwani. Alikuwa amekataa katakata kuhamishiwa jikoni. Alitaka kuona watu wakifanya kazi. Aliwapungia mkono kama bibi harusi, na wengine walivua kofia.

Sofanor akafika, pikapu imejaa mafurushi yaliyofungwa kwa nailoni nyeusi. Wakayapokea, wakakata kamba, wakapanda ngazi.

Aliyekuwa ngazi ya kwanza ni Belarmino Ojeda, jirani wa upande wa mtoni. Huyu alikuwa mjane wa miaka sitini, mtu wa maneno machache, na mwanachama wa kikosi cha kujitolea cha kuzima moto. Mwezi wa pili, mlima ulipowaka, alikaa kule siku tisa. Alirudi na mkono wa kulia ambao vidole vyake vitatu vilipona vikiwa vimeshikana, na tangu hapo alikuwa anajifunza kugonga msumari kwa mkono wa kushoto. Angeweza kukaa nyumbani siku ile na hakuna ambaye angemsema. Lakini Doralisa alipika siku ya paa lake, kwa hiyo alikuja.

Alipigilia safu moja, akaanza ya pili. Kisha akasimama. Alishika kigae akakigeuza, akakisogeza puani. Akachukua kingine. Akateremka taratibu, akaja pale Doralisa alipokuwa akikoroga sufuria, akamwekea vigae viwili mkononi, akasubiri.

Vilikuwa vizito. Hilo ndilo alilolijua kwanza, kabla hajaangalia. Vilikuwa vizito na baridi, na ukingoni mwa kila kimoja ulipita mstari mweupe wenye upana wa kidole, umelowa, unanata.

Binti wa fundi wa vigae hahitaji kuelezwa. Ule mti mweupe wa nje, chini ya gome, ni laini na unaoza kama mti mwingine wowote. Kwa gogo lililolala mlimani, mvua inaula wote, inabaki nyama nyekundu ya ndani peke yake. Kigae cha marehemu wa kweli ni chekundu ukingo mpaka ukingo, kikavu, chepesi, ukikigonga kinalia. Marehemu mwenye weupe ni marehemu wa juzi.

Na alerse hafi juzi hivi hivi. Anaishi miaka elfu mbili, tatu. Kumkata ni jela. Lakini moto haumli. Unamchoma gome, unamuua akiwa amesimama, na ndani mbao zote zinabaki nzima. Wewe unasubiri wiki chache. Kisha unaenda ofisini na uso wa huzuni unasema kuna mti umekufa kule juu, naomba kibali niutoe.

Doralisa alifunika sufuria. Akamwita mdogo wake nyuma ya banda la nguruwe, mahali ambapo uvundo ulikuwa unafaa kwa mazungumzo yale.

"Huyu marehemu wako alikufa lini?"

"Karatasi ninayo, dada. Nikuonyeshe mhuri?"

"Mhuri nitaubandika wapi? Nimekuuliza lini."

Sofanor akaangalia viatu vyake. Akasema kiangazi.

"Kwa ugonjwa gani?"

"Moto ulipita, dada. Moto hauulizi mtu. Mimi nimekuta kafa, nimemchukua, ningemwacha aoze?"

"Alerse haozi, Sofanor. Usinichekeshe. Moto ulipita kwa miguu yake au ulibebwa kwenye pikapu?"

Sofanor alisema watu wote wanafanya. Alisema wa kwenye mkahawa wa Ancud, wale waliovisha choo, walichukua vigae vyao kwake, na hawakuuliza ugonjwa wala mazishi. Hekta mia nne zilikuwa zimeungua mwezi ule, ndege, sungura-pori, vibanda viwili vya watu, mkono wa Belarmino, na mdogo wake alikuwa anazungumza juu ya wateja. Doralisa alimtazama mdomo ukienda, akaona mabaki ya mkate kwenye meno yake. Alimzaba kofi. Si kubwa sana. Mkono wake ulikuwa na wanga wa viazi, ukamwachia alama nyeupe shavuni.

Sofanor hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alijifuta.

"Elfu moja na mia mbili, dada," alisema. "Kwa bei ile ulidhani ni nini? Wewe ni mtoto wa baba kama mimi. Ulijua. Ulichotaka ni mimi nijue kwa niaba yako."

Waliporudi uani nyundo zote zilikuwa zimenyamaza. Wanaume walikuwa wamesimama chini ya ngazi, kila mmoja na kigae mkononi, wanakwangua weupe kwa kucha na kuutazama kana kwamba hawajawahi kuona kitu kama hicho. Walikuwa wamewahi. Nusu yao nyumba zao zilikuwa na kuta ambazo hawakupenda kuulizwa. Wanawake walikuwa wamesimama na mikono ndani ya mabeseni. Belarmino alikuwa amefungua mkanda wake wa misumari lakini bado ameushika.

Ukuta ulikuwa umefika magotini tu. Juu yake kulikuwa wazi, na ndani Bibi Zunilda alikuwa amevuta blanketi mpaka kidevuni. Upepo ulikuwa umeshageuka.

"Jirani," Belarmino alisema, "ukituambia tushuke, tunashuka. Nina turubai kubwa nyumbani, la kikosi. Tutalifunga sasa hivi, halafu tutatafuta mbao nyingine. Mimi nitakuja kila siku."

Lilikuwa neno la mtu mzima, na angelitimiza. Doralisa alilipima. Turubai lingepigwa na upepo mpaka Jumanne. Jumanne nesi angefika, angeona nailoni mahali pa ukuta, angetoa fomu kwenye mkoba. Mbao nyingine zilikuwa nyuma ya kioo, peso elfu tatu kipande, na ng'ombe aliyebaki alikuwa mmoja na amezeeka. Na mti ulikuwa umeshakufa. Aliligeuza na hilo kichwani. Mti umeshakufa, hata ukiurudisha mlimani kigae kwa kigae. Alichukia jinsi wazo hilo lilivyomjia kirahisi, kwa sauti ya Sofanor kabisa.

Kutoka ndani bibi akapaza sauti yake nyembamba. Alitaka kujua mbona wameacha kugonga, wamechoka kabla ya kula?

Doralisa aliwatazama watu wake mmoja mmoja. Hakuna aliyemsaidia, na sheria ilikuwa hivyo, hakuna aliyetakiwa kumsaidia.

"Pigilieni," alisema.

Belarmino aliutundika mkanda wa misumari kwenye ngazi, vizuri, usianguke. Akavaa koti. Kulivaa kulimchukua muda kwa sababu ya ule mkono, na watu wote walisubiri huku wakitazama pembeni. Kisha akaondoka kwa njia ya mtoni.

Doralisa alikimbilia jikoni, akafunga paja zima la kondoo kwenye kitambaa safi, akamfuata akitweta mpaka kwenye lango la ng'ombe.

"Belarmino. Mama anaumwa."

"Najua. Ni yeye aliyenipokea nilipozaliwa, mama alinihadithia." Alilitazama lile fungu la nyama, kisha akamtazama yeye, bila chuki. "Sikulaumu, jirani. Ingekuwa mama yangu, sijui ningesema nini. Lakini nyama siwezi."

Akafunga lango nyuma yake kwa mkono wa kushoto. Doralisa alibaki pale na paja la kondoo limemwelemea kifuani, mafuta yanapenya kitambaani na kuingia kwenye blauzi.

Uani kulikuwa na shida nyingine. Mmoja wa mafundi, mzee mpole, alimsogelea akamuuliza chini chini wafanyeje na weupe. Ukiachwa utaoza. Baada ya miaka mitatu kila kigae kitakuwa na ukingo uliolika na maji yatapita. Hakusema kwamba pia ungeonekana na kila apitaye barabarani. Doralisa akasema wauchonge. Basi wanaume kumi wakakaa kwenye magogo na mashoka madogo, wakachonga weupe kwenye kigae kimoja baada ya kingine, na hakuna aliyetania, hakuna aliyeimba, na hakuna aliyelitaja neno marehemu. Ilisikika ile tap, tap, tap, na vijiti vyeupe vilirundikana miguuni mwao. Wale waliomaliza mapema waliingia kuwasaidia wengine. Walifanya kazi nzuri. Sofanor alichonga kuliko wote.

Walipouliza wautupe wapi ule uchafu, Doralisa akasema choma. Wakautia kwenye moto wa uani. Ulikuwa mbichi, haukutaka kuwaka; ulifuka moshi mnene wa manjano uliotambaa chini, ukaingia kwenye sufuria, kwenye macho, kwenye nguo zilizoanikwa. Watu walikohoa wakijifanya hawakohoi. Ukuta ulifungwa saa kumi na nusu, kigae cha mwisho kikipigiliwa huku matone ya kwanza yakianza.

Walikula ndani, wamebanana. Walisifu kondoo. Walisifu mikate. Doralisa alizunguka akijaza sahani, akijaza vikombe vya pombe ya tufaha, na yeye mwenyewe hakuweka kitu mdomoni. Kila alipoinama kwenye sufuria alisikia ule moshi kwenye nyama. Hatimaye alitoka, akaenda nyuma ya nyumba, akatapika maji matupu kwenye majani, mvua ikimpiga mgongoni. Alipoinua kichwa alikuwa anautazama ukuta wake. Ulikuwa mwekundu, umenyooka, maji yanateleza juu yake bila kushika popote. Ulikuwa ukuta mzuri kuliko wote aliowahi kuwa nao, na angependa kuutemea mate, ila mdomo ulikuwa mkavu.

Mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika.

Jumanne nesi alifika amelowa mpaka kwenye soksi. Doralisa alimpa taulo na chai. Nesi akamsikiliza bibi kifua, mbele na nyuma, akasema kimepungua kidogo kukoroma. Kisha akaenda ukutani. Aliweka kiganja chini karibu na sakafu, akakiweka katikati, akanyanyuka kwa vidole vya miguu akakiweka juu kabisa. Akakitazama. Kilikuwa kikavu na kisafi. Bibi Zunilda kutoka kitandani alikuwa anakitazama kiganja kile kama mtu anayesomewa hukumu.

Nesi akatoa fomu kwenye mkoba, akaikunja mara mbili, akairudisha.

"Bibi haendi popote," alisema.

Bibi alifunga macho, machozi yakamtoka pembeni yakaingia kwenye kofia ya sufu. Alimshika binti yake mkono kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo. Akamwambia nesi kwamba huyu ndiye mtoto, wengine wana watoto lakini huyu ndiye mtoto. Nesi akacheka, naye macho yake yalikuwa yamelengwalengwa na machozi. Doralisa alisimama pale mkono wake umeshikwa na hakujua auweke wapi uso wake.

Nesi alibaki akiupapasa ukuta. Alisema yeye pia ana mama, kule upande wa pili wa ghuba, nyumba ni hiyo hiyo, mvua ni hiyo hiyo, na kila duka analoingia anaonyeshwa paini iliyopakwa rangi. Alikuwa amekaribia kukata tamaa. Aliuliza hii imetoka wapi.

"Kwa mdogo wangu."

"Na ni ya marehemu? Maana sitaki mambo ya kuharibu msitu, dada. Mwezi wa pili nilifunga vidonda vya wale wa kikosi kwa mikono yangu."

Bibi alikuwa bado ameushika mkono. Nje mvua ilikuwa ikipiga vigae na ndani halikuingia hata tone.

"Ni ya marehemu," Doralisa alisema.

Nesi akatoa simu yake, akaipangusa maji kwa sketi, akasema haya, nitajie namba ya huyo mdogo wako. Doralisa akamtajia, tarakimu moja moja, na nesi alipokosea ya mwisho akamsahihisha.